Udhu wa Adhuhuri, konokono wa ziwani na utafiti usiotufikia



Mwezi uliopita nilialikwa kwenye hitima katika mwalo mmoja nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Ilipokaribia saa saba mchana muadhini aliadhini Adhuhuri. Msikiti wa pale ni wa matofali, umeezekwa mabati, na una bomba moja ambalo siku hiyo lilikuwa kavu. Hakuna aliyeshangaa. Watu walikunja suruali, wakapandisha kanzu, wakashuka kwenye mawe na kuingia ziwani hadi magotini, wakatawadha. Nilipositasita, kijana mmoja mvuvi akanigeukia: "Ustadhi, karibu. Maji ya Mungu haya, hayana bili." Tukacheka wote, nami nikashuka.

Makala hii imetokana na kicheko kile. Maana nilikuwa nimesoma, tena kwa miaka kadhaa, yale ambayo watafiti wa vyuo vikuu wameandika kuhusu maji ya ufuo huo huo, na bado nikaingia. Kama mimi niliyesoma nimeingia, tutamlaumu vipi asiyesoma?

Ugonjwa ninaouzungumzia ni kichocho. Wengi wetu tunaufahamu kwa ile sura ya mtoto kukojoa damu. Hiyo ni aina moja, na kwa kanda yetu hupatikana zaidi bara, kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Huku ufuoni kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho huja kimyakimya. Mtu anaumwa tumbo, anaharisha, choo kina damu kidogo, anasema ni minyoo ya kawaida au ni chakula. Miaka inapita. Kumbe minyoo midogo, dume na jike, imekaa wawili wawili ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, jike akiwa amelala kwenye mfereji wa mwili wa dume, akitaga mayai mamia kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hutoka na choo. Yanayobaki husafiri na damu hadi kwenye ini na kunasa humo, ini linafanya kovu, bandama linavimba, na damu iliyokuwa ipite kwenye ini inatafuta njia nyingine. Njia mojawapo ni mishipa ya koo la chakula. Mishipa hiyo ikituna na kupasuka, mtu hutapika damu.

Hilo si jambo la kusikia mbali. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofika kwao wakitapika damu au kutoa choo cheusi, wakapimwa kwa kuingiziwa kamera tumboni. Chanzo kilichoongoza hakikuwa vidonda vya tumbo, kama ilivyo katika nchi nyingi, bali mishipa hiyo iliyovimba. Na mwaka uliotangulia, 2012, Humphrey Mazigo wa chuo kikuu cha afya kilichopo hapo hapo Bugando, yeye na wenzake, walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu kichocho nchini na kueleza kuwa Tanzania ni ya pili barani Afrika kwa wingi wa wagonjwa, ikitanguliwa na Nigeria tu. Mtu akitapika damu kijijini kwetu tunaambiwa karogwa. Mara ngapi, ndugu msomaji, umesikia hivyo? Na mara ngapi kuna bibi kizee aliyenyooshewa kidole kwa ajili ya kazi iliyofanywa na mnyoo?

Konokono na saa ya jua

Elimu ya ugonjwa huu ina historia inayotuhusu sisi Waislamu kwa karibu, kwani sehemu kubwa yake iliandikwa Misri. Mwaka 1851 daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, akifanya kazi katika hospitali ya Kasr al-Ainy mjini Cairo, aliiona minyoo hiyo ndani ya maiti aliyokuwa akiipasua. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer akakuta mayai yake katika figo za miili iliyokaushwa tangu zama za Mafirauni. Lakini jinsi ugonjwa unavyomwingia mtu ilibaki kitendawili hadi mwaka 1915, Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha, huko huko Misri, kwamba njia inapita ndani ya konokono wa maji baridi.

Mambo yenyewe ni hivi. Choo cha mgonjwa kikifika majini, mayai huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono. Katika ziwa letu ni konokono mdogo, bapa, aliyejizungusha kama kamba iliyosokotwa, jina lake la kitaalamu Biomphalaria. Ndani ya konokono kijidudu kimoja huzaliana na kuwa maelfu. Maelfu hayo hutoka yakiwa na mikia, wataalamu huyaita seresaria, na kila kimoja kina takriban siku moja au mbili tu za kuishi. Kikikutana na ngozi ya mtu ndani ya muda huo, hujipenyeza kwa dakika chache, bila jeraha na bila maumivu.

Sasa hapa ndipo nilipokaa kitako niliposoma mara ya kwanza. Konokono hatoi vijidudu hivyo saa zote. Anasubiri mwanga na joto. Kwa aina hii ya kichocho wengi hutoka kuanzia asubuhi jua linapopanda, na kilele chake ni katikati ya mchana, saa ambazo kwa kawaida binadamu huingia majini kuoga, kufua na kuvua. Ongeza basi na hili: hiyo ndiyo saa ya udhu wa Adhuhuri. Anayetawadha ziwani kwa ajili ya Alfajiri hayuko salama kabisa, lakini anayetawadha jua la utosi amekwenda kukutana na kundi zima. Na udhu unataka nini? Mikono hadi viwikoni, uso, kusukutua, miguu hadi vifundoni, mara tatu tatu. Ni ngozi nyingi, kwa dakika zile zile chache ambazo kijidudu anazihitaji.

Sisemi kwamba udhu ndio unaoeneza kichocho ufuoni. La hasha. Mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayeosha vyombo, mtoto anayeogelea, mchimba mchanga, wote wanakaa majini muda mrefu zaidi kuliko mwenye kutawadha. Lakini huyo mvuvi anaweza kusema hana namna, ndiyo kazi yake. Udhu una namna.

Na wanawake? Hapa utafiti umeleta jambo zito. Mwaka 2017 Jennifer Downs wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzake wa Mwanza, walichapisha matokeo ya kupima sampuli za damu zilizohifadhiwa kutoka katika utafiti wa muda mrefu wa jamii huku kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wanawake waliokuwa na kichocho walionekana kuwa na uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI karibu mara tatu ya wasiokuwa nacho. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Nani huchota maji? Nani hufua? Mwanamke mwenye staha zake, asiyetoka nje ya ndoa yake, anaweza kuongezewa hatari na ndoo ya maji.

Furu waliopotea

Niruhusu nitoke kidogo kwenye tiba niingie kwenye samaki, kwani huko nako kuna somo.

Mwaka 1977 kikundi cha wanabiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza kuwachunguza furu, wale samaki wadogo ambao wazee wetu waliwala mpaka wakawachoka. Waligundua kwamba furu si samaki mmoja. Ziwa zima linakadiriwa kuwa lilikuwa na zaidi ya aina 500, karibu zote zisizopatikana popote duniani. Kila aina na kazi yake: wanaokula mwani, wanaokula wadudu, wanaokula magamba ya wenzao, na, zingatia hapa, wanaokula konokono. Wengine huwachomoa konokono kutoka kombeni mwao, wengine huwaponda kwa taya za kooni.

Sangara aliyepandikizwa upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950 alifurika katika ghuba yetu katikati ya miaka ya 1980. Wale Waholanzi wakajikuta badala ya kuorodhesha viumbe wanaandika tanzia. Frans Witte na wenzake walikadiria mwaka 1992 kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikuwa zinatoweka. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya msiba huo. Ikaja kisha gugu maji, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo likawapa konokono kivuli na mahali pa kushika.

Je, kupotea kwa furu ndiko kulikoongeza kichocho kwetu? Hapana aliyethibitisha hivyo, na kuna waliojaribu kupandikiza samaki hawa kwenye mabwawa ili wamalize konokono na wasifanikiwe walivyotarajia. Lakini katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi samaki wanaokula konokono. Angalau tujue kwamba tulipokuwa tunahesabu minofu ya sangara inayopakiwa kwenye ndege, hatukuhesabu kilichokuwa kinafanywa bure na kisamaki tusichokithamini.

Fiqhi ilitangulia

Atauliza msomaji: Je, maji ya ziwa hayafai kutawadhia? Swali hili la kielimu ni la masheikh, na mimi si sheikh. Ninachojua kama mwanafunzi wa madrasa ni kwamba maji ya ziwa, mto na bahari ni twahara, ila yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najisi. Udhu wa kijana yule mvuvi ni sahihi na swala yake ni sahihi. Lakini usahihi wa udhu ni jambo moja na usalama wa mwenye kutawadha ni jambo jingine, na wanavyuoni wetu hawakuyachanganya wala hawakulipuuza la pili.

Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yana mlango mdogo unaosomwa mapema kabisa: maji yaliyopashwa jua kwenye vyombo vya madini. Vitabu vinasema ni makuruhu kuyatumia mwilini. Kwa nini? Imamu Shafi mwenyewe alieleza kwamba hayachukii ila kwa upande wa utabibu, kwa hofu ya maradhi ya ngozi. Wengine, akiwemo Imamu Nawawi, walikuja kuona kwamba ushahidi wa madhara yenyewe ni dhaifu, wakaiacha hukumu hiyo. Wote wawili, aliyekataza na aliyeruhusu, walikuwa wanauliza swali la daktari: je, yanadhuru? Ikiwa maji ya jua, ambayo madhara yake yana shaka, yalipewa mlango kitabuni, maji ya konokono ambayo madhara yake yameonekana kwa hadubini na kwenye meza ya upasuaji yanastahili angalau swali moja kwenye darsa baada ya Ijumaa.

Na kuna upande wa pili wa mduara. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akayaoga, na akaonya juu ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini wanapopumzika watu. Tunaisoma hadithi hiyo kama adabu. Kwa mnyoo wa kichocho, hiyo ni kukata kamba yenyewe: choo kisipofika majini, konokono hana cha kubeba. Sasa tembea mialo yetu uhesabu vyoo.

Wala tusidhani kwamba kuwa na birika msikitini kunatosha. Mwaka 1952 mtafiti Robert Kuntz alichapisha taarifa kutoka Yemen akieleza jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona si la kawaida: mabirika ya kutawadhia ya misikiti yalikuwa mahali pa kuambukizana kichocho cha tumbo. Maji wazi, yanayokaa, yenye konokono, na waumini wakiingiza miguu humo mara tano kwa siku. Kwa hiyo hodhi bila mfuniko na bila usafi ni ziwa dogo tu tulilolijengea ukuta.

Kanisa limesikia, msikiti je?

Mwaka 2017 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti mwingine wa kundi lile lile la Downs, uliofanyika katika vijiji 16 vya Mkoa wa Mwanza kati ya mwaka 2014 na 2015. Ilikuwa ni kampeni ya tohara ya wanaume, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU. Katika mahojiano ya awali Wakristo wengi walikuwa wamesema tohara ni mambo ya Waislamu. Basi katika vijiji vinane viongozi wa makanisa walipewa mafunzo, ya tiba na ya maandiko yao pia, wakarudi kufundisha waumini wao. Katika vijiji hivyo asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa, dhidi ya asilimia 29.5 katika vijiji vinane ambako kampeni ilikwenda kwa njia ya kawaida.

Kwa tohara Waislamu hatukuwa na la kujifunza, tumezaliwa nayo. Lakini njia je? Dawa ilikuwa moja, wauguzi wale wale. Kilichoongezeka ni mtu ambaye watu wanamwamini kuzungumza jambo akilijua. Kwenye kichocho, mtu huyo kwetu ni imamu na ustadhi wa madrasa. Na Zanzibar wameshaonyesha. Katika mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba ulioanza mwaka 2012, watafiti walikaa na wananchi wakatunga nao mbinu: walimu wa madrasa walifundishwa pamoja na walimu wa shule, watoto wakawekewa michezo ya kuwatoa mtoni, zikajengwa sehemu za kufulia na za kukojolea. Ugonjwa ulipungua sana katika visiwa hivyo, ingawa haukwisha, na watafiti wenyewe walikiri hivyo katika ripoti ya mwaka 2019.

Kinyume chake ni Morogoro. Mwaka 2008 watoto walipewa dawa ya kichocho na minyoo mashuleni, baadhi wakaumwa tumbo na kuishiwa nguvu, wazazi wakavamia shule, ikawa ghasia. Mwanaanthropolojia Julie Hastings alikwenda kuwasikiliza wazazi hao na kuandika mwaka 2016. Alichokuta si ujinga tu, kama tulivyozoea kusema. Watu hawakuelezwa dawa ni ya nini, watoto wengine walimeza wakiwa na njaa, kipimo kilitolewa kwa kijiti cha urefu, na hapakuwa na mtu waliyemwamini wa kumuuliza. Uvumi uliingia pale maelezo yalipokosekana. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni nzuri na imetumika kwa miongo kadhaa. Humezwa baada ya chakula, na maumivu yale ya tumbo mara nyingi hupita siku ile ile. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ipewe kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili katika maeneo yenye ugonjwa, wakubwa wakiwemo, si wanafunzi pekee. Lakini huua minyoo iliyomo mwilini tu. Haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake saa saba mchana.

Nina lawama kwa wasomi pia, nazo siwezi kuzimeza. Karibu yote niliyoyataja hapa yameandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mvuvi wa Igombe hatayaona maishani mwake. Damu ilitolewa kwake, choo kilichukuliwa kwake, konokono waliokotwa mbele ya mlango wake. Yeye alipata kidonge na asante. Ikiwa mtafiti anaweza kukaa kijijini miezi sita kukusanya, anashindwa nini kukaa nusu saa baada ya Ijumaa kueleza alichokipata? Na kamati zetu za misikiti, zinazojua kuandika barua ya kuomba mchango wa mazulia, zimewahi kuandika barua moja kwenda Bugando au NIMR kuomba mtu aje kuzungumza?

Kwa upande wangu nilikwenda kupima. Nikaambiwa nimewahi mno. Mayai hayaonekani kwenye choo mpaka minyoo ikomae, kwa hiyo nirudi wiki sita hadi nane tangu siku niliyoingia majini. Bado nahesabu.

Nilirudi pia kwenye ule mwalo, nikazungumza na imamu pamoja na wazee wa msikiti. Hatukuzungumza habari za kuchimba kisima, maana fedha hakuna. Tulizungumza simtanki mbili zenye vifuniko na koki, juu ya jukwaa la mawe ambayo pale hayanunuliwi. Kwa vile seresaria hawaishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu, maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa kisafi ili konokono asiingie, yakafunikwa na kulazwa siku mbili kamili, yanafaa kutawadhia. Tanki moja linajazwa, jingine linatumika, kwa zamu. Si maji ya kunywa mpaka yachemshwe, hilo niliwasisitizia. Mzee mmoja akauliza nani atasomba maji kutoka ziwani kujaza tanki, kwani naye ataingia majini. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile. Kijana yule mvuvi akasema mtumbwini ana pampu ndogo ya kutolea maji na mpira wa mita 30.